Nimefunga: kisa cha binti aliyeacha kunywa maji kambini

Siku ya tatu ya kambi, mazoezi ya kwaya yakiendelea, binti wa miaka 18 anayetumia kiti mwendo alianza kutetemeka kwa homa. Waliomzunguka walikuwa na majibu papo hapo. Mmoja alisema malaria. Mwingine akasema ni baridi ya Meru, maana mwezi wa saba huku si mchezo. Wa tatu akasema adui amekasirika. Hakuna aliyetaja maji, ingawa tangu jioni ya kwanza binti yule alikuwa hajanywa zaidi ya mafunda machache kwa siku, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa upole jibu lile lile: "Nimefunga."

Nakichambua kisa hiki kwa ajili ya makanisa na vikundi vinavyoandaa kambi za vijana Arusha, Moshi na kwingineko, hasa vile vilivyoanza kuwapokea vijana wenye ulemavu kwa nia njema kabisa. Nilikuwa mmoja wa wahudumu, na baada ya kambi kamati iliniomba niyapange matukio na kuyapima. Kambi, kanisa na wahusika sijawataja. Binti mwenyewe aliisoma rasimu, akafuta mambo mawili ambayo hakutaka yajulikane, na akaongeza moja ambalo hatukulijua.

Mahali na utaratibu

Kambi ilifanyika upande wa Usa River, kwenye kiwanja cha misheni kilichozungukwa na migomba na kahawa. Ukumbi uko juu, jiko pembeni yake, mabweni katikati, na vyoo viko chini kabisa nyuma ya migomba, kama ilivyo kwenye viwanja vingi vya zamani ambako choo kilipelekwa mbali kwa ajili ya harufu. Udongo ni mweusi wa volkano. Manyunyu ya asubuhi yakipita, unateleza hata kwa mwenye miguu mizima na viatu imara. Kufika chooni unashuka ngazi tatu zilizochongwa kwenye udongo, mlango ni mwembamba, na ndani ni choo cha kuchuchumaa.

Maji ya kunywa hayakuwa haba. Chemchemi na visima vingi vya upande huu wa Meru vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe, ndiyo maana wenyeji wengi wana meno ya kahawia na wapo watoto wanaopinda miguu. Kamati iliagiza maji salama kwa madumu ya lita 20 na kuyapanga ukumbini. Mwisho wa kambi yalibaki mengi.

Vijana walikuwa wapatao 60, tisa kati yao wakiwa na ulemavu: viziwi, wenye uoni hafifu, wenye mtindio wa ubongo, wenye ulemavu wa miguu. Kila mmoja wa tisa hao alipangiwa msaidizi wa umri unaokaribiana na wake. Utaratibu huu unajulikana kwenye kambi za Kikristo za nchi nyingine. Joni Eareckson Tada, Mmarekani aliyepooza mwaka 1967 baada ya kupiga mbizi kwenye maji mafupi akiwa na miaka 17, alianzisha huduma ya Joni and Friends mwaka 1979, na kambi zao hupokea familia nzima pamoja na wahudumu wa kujitolea wa kukaa nazo. Naupenda mfano huo. Lakini ona tofauti: kule mama na baba wako kambini. Anayejua mwana wake analalaje, anakula nini, anajisaidiaje, yupo umbali wa meza moja. Kwetu vijana walikuja peke yao. Tulichukua msaidizi, tukaacha nyumbani watu wenye maarifa.

Badala ya wazazi tulikuwa na fomu. Fomu iliuliza: "Je, mshiriki ana ugonjwa wowote?" Binti alijaza "Hapana", na alisema kweli, kwa sababu kuzaliwa na mgongo wazi (spina bifida, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri tumboni mwa mama), kama alivyozaliwa yeye, si kuugua. Swali la pili lilikuwa: "Je, ana mahitaji maalumu?" Akajaza: "Kiti mwendo." Hapakuwa na mstari wa tatu.

Siku tatu

Mtu aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi ana mishipa ya fahamu isiyofikisha taarifa vizuri kwenye kibofu na utumbo. Wengi hujifunza kutoa mkojo wenyewe kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa tatu au nne. Si kazi ngumu kwa aliyeizoea. Inahitaji mikono iliyonawa kwa sabuni, mahali pa kukaa, mwanga, na mlango unaofungwa. Binti huyu alifundishwa kliniki akiwa mdogo na alikuwa anajifanyia mwenyewe kwa miaka. Nyumbani na chuoni anakojifunza ushonaji, hakuna anayemsaidia jambo hili na wengi hata hawalijui.

Jambo aliloliongeza kwenye rasimu ni hili: uamuzi wa kutokunywa aliufanya mchana ule ule alipofika, akiwa bado kwenye gari, alipowaona wenzake wakishuka kwenda chooni mmoja mmoja wakishikilia migomba wasiteleze. Akajiambia siku tano si nyingi.

Jioni ya kwanza msaidizi wake, mwanafunzi wa chuo mwenye moyo wa dhahabu, alimuuliza mbele ya meza nzima kama anataka kwenda chooni. Akaitikia. Vijana wawili wa kiume wakaitwa. Mmoja akambeba mgongoni, mwingine akashika tochi, na kiti mwendo kikabaki juu kwa sababu kisingepita mlangoni. Walimweka ndani, wakasimama nje wakingoja, wakiimba pambio kwa sauti ya chini ili asione haya. Lilikuwa tendo la upendo. Yeye alikuwa ameketishwa kwenye sakafu yenye maji, gizani, bila ndoo wala kigoda. Akangoja kidogo, akasema amemaliza, wakambeba kurudi. Usiku, wenzake walipolala, alijisaidia chini ya blanketi kwa chupa aliyoificha kwenye begi, mikono ameifuta kwa kanga yenye unyevu. Ndivyo alivyofanya usiku wote uliofuata pia.

Asubuhi ya pili chai ya maziwa ilimiminwa. Alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili muda mrefu, kama anayejipasha moto, akakizungusha kiti mwendo taratibu mpaka ukingoni mwa baraza, akakimimina kikombe chote kwenye shina la mgomba. Msaidizi wake alimwona. Huyu mwanafunzi, ambaye baadhi yetu baadaye walitaka kumlaumu, ndiye mtu wa kwanza kambini kushuku jambo. Alikwenda kwa mama mlezi wa wasichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, yule dada hanywi kabisa. Jana hakunywa, leo amemwaga chai."

"Amefunga. Mwache na Mungu wake."

Mazungumzo yaliishia hapo. Na hapa ndipo kisa kilipopinda, kwa maoni yangu, kuliko wakati mwingine wowote. Jioni hiyo mmoja wa viongozi alisimama kwenye ibada akamtolea mfano: "Kuna binti yetu hapa, katika hali yake, amefunga kwa ajili ya kambi hii. Sisi wenye afya tunapigania foleni ya wali!" Ukumbi ukapiga makofi. Jaribu kukaa kwenye kiti chake. Kabla ya makofi yale angeweza kuomba kikombe cha maji wakati wowote na hakuna ambaye angeshangaa. Baada ya makofi, kunywa hadharani kungekuwa kuangusha ushuhuda wa watu wote. Tulimsifu, na sifa ile ikamfungia mlango wa mwisho uliokuwa wazi.

Siku ya tatu homa ikaja. Kiti mwendo kilisukumwa mbele ya ukumbi bila yeye kuulizwa, mikono ikawekwa kichwani, na baadhi wakaanza kukemea. Yeye alifumba macho. Wakati huo huo, jikoni, kijana mmoja anayetembea kwa magongo, mzaliwa wa huku huku aliyepindishwa miguu na maji ya floridi, alikuwa anazungumza na mama mpishi. Naye alikuwa miongoni mwa wale tisa. Alikuwa na msaidizi wake, alipewa sahani yake mezani, na hakuna kamati iliyowahi kumuuliza lolote.

"Mama, yule dada hajafunga," alisema. "Ni choo. Hata mimi nikipanda basi la Dar, sinywi kitu tangu jioni ya jana yake mpaka tufike. Watu wa hali yetu wote tunafanya hivyo."

Mama mpishi aliacha mwiko kwenye sufuria, akavuka uwanja na apron yake, akapita katikati ya waliokuwa wakiomba, akainama sikioni mwa binti. Sijui alimwambia nini. Nilimwona binti akitikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka. Ndani ya nusu saa gari lilikuwa barabarani.

Hospitalini kipimo cha malaria kilionyesha hana. Kipimo cha mkojo kilionyesha maambukizi. Daktari aliuliza jambo ambalo kila mwenye kupokea vijana wa mgongo wazi anapaswa kulijua: je, ana mrija wa kupunguza maji kichwani? Wengi wao huwekewa, na kwa mwenye mrija huo, homa, maumivu makali ya kichwa, kutapika au usingizi usio wa kawaida vinaweza kuwa dalili kwamba umeziba au umeingiwa na wadudu. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Daktari alimuuliza msaidizi. Msaidizi akamtazama mlezi. Mlezi akasema ngoja tumpigie mama yake. Binti, mwenye jibu, alikuwa amelala katikati yao na hakuna aliyemgeukia. Hatimaye alisema mwenyewe, "Ninao. Niliwekewa nikiwa mtoto. Kichwa hakiniumi." Walimlaza usiku ule kwa uangalizi, wakampa dawa na maji, na asubuhi homa ilikuwa imeshuka.

Kikao cha usiku

Viongozi walikutana usiku huo huo. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, alitaka arudishwe nyumbani. Hoja yake haikuwa ya kumkataa. Alisema: tumebeba mtoto wa watu, hatuna muuguzi, hatuna choo cha kumfaa, na homa ikirudi usiku wa manane barabara hii si ya kuchezea. Aliyesema hivyo alikuwa amekesha na wagonjwa wengi kuliko sisi wote. Wengine walipendekeza abaki ila apewe wasaidizi wawili wa kike wa kumbeba badala ya wavulana.

Naona pendekezo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mzee aliiona hatari halisi na akataka kumwondoa binti penye hatari. Pendekezo la kuongeza wabebaji liliacha hatari pale pale na kuongeza macho mawili ya kumwangalia akienda chooni. Ndivyo tunavyokosea mara kwa mara kwenye huduma hii: kila kizuizi tunakijibu kwa kuongeza mtu wa kubeba. Mikono ni mingi kanisani na ni ya bure, kwa hiyo hatufiki mahali pa kuuliza kizuizi chenyewe kinafanya nini pale.

Mchungaji hakutoa uamuzi. Alisema hawezi kuamua juu ya mtu asiyekuwepo, akafunga kikao, na alfajiri akaenda hospitalini. Alinieleza baadaye kwamba njiani alikuwa na Bartimayo kichwani. Kipofu anapaza sauti barabarani Yeriko, kila mtu anaona tatizo lake, na bado Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Alimuuliza binti swali hilo hilo, karibu neno kwa neno.

Jibu lilikuja bila kusita. Stoo ya jikoni, ile wanayowekea magunia. Mlango wake ni mpana kwa sababu magunia yanapita, sakafu ni ya saruji, na iko usawa mmoja na ukumbi. Ndoo yenye mfuniko. Kiti cha plastiki. Sabuni na jagi la maji. Taa. Na ufunguo akae nao yeye.

Alikuwa ameipima stoo ile kwa macho tangu siku ya kwanza, alipopita kuwasalimia wapishi.

Magunia ya mahindi na maharage yalihamishiwa chini ya ngazi za ukumbi kabla ya saa nne asubuhi. Vitu vyote vilikuwepo kambini tayari, hatukununua hata kimoja. Kiti mwendo chake kina upana wa sentimita 66 na mlango wa stoo ni sentimita 90. Mlango wa choo hatukuhitaji kuupima. Binti alirudi mchana, akapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kitenge, na jioni ile alikunywa chai vikombe viwili mbele ya watu. Kiongozi aliyemsifu kwenye ibada alikwenda kwake faragha kabla ya chakula. Sikuwepo, na hayo ni yao.

Hatukutegemea kwamba stoo ile ingetumiwa na wengine. Wasichana watatu wasio na ulemavu walimwomba ufunguo usiku ule. Mmoja alikuwa kwenye siku zake na alikuwa akiogopa kushuka gizani. Nao walikuwa wamepunguza kunywa.

Ninavyokiona kisa

Kufunga kwanza. Kanisani kwetu mtu akisema amefunga, heshima inataka umwache, na ni heshima nzuri. Lakini kijana aliyekabidhiwa kwako na wazazi wake, asiyekunywa maji kutwa nzima, yuko chini ya ulinzi wako akiwa amefunga au hajafunga. Yesu aliagiza anayefunga asijionyeshe kwa watu (Mathayo 6), na mimi naongeza kwamba tusimwonyeshe sisi pia. Isaya 58 inasema wazi mfungo ambao Mungu anauchagua ni kufungua vifungo vya uovu na kuvunja kila nira. Usiku ule nira ilikuwa ngazi tatu za udongo na mlango mwembamba. Naunga mkono kanuni ambayo kamati imeipitisha: kambini mtu anaweza kufunga chakula baada ya kuzungumza na mlezi, lakini maji hakuna anayeyafunga.

La pili ni maombi ya uponyaji. Naamini Mungu huponya na sitaki kambi isiyoombea wagonjwa. Kumsukuma mtu mbele bila kumuuliza ni jambo lingine. Kiti mwendo ni sehemu ya mwili wa anayekikalia, na ukikisukuma bila ruhusa umemshika mtu. Tena kukemea kule kulibeba swali la zamani ambalo wanafunzi waliuliza katika Yohana 9: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu alilikataa. Mgongo wazi hutokea pale uti wa mgongo wa mtoto usipofunga vizuri ndani ya mwezi wa kwanza tangu mimba itungwe, mara nyingi mama hajajua hata kama ni mjamzito. Kinachopunguza uwezekano wake ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ikianzwa kabla ya mimba. Ningependa mafundisho ya ndoa kwenye makanisa yetu yaseme jambo hili kwa sauti ile ile tunayoitumia kukemea. Wazazi wa watoto hawa wana chama chao cha kitaifa, ASBAHT, na ni watu wa kualikwa kabla ya kambi ili watufundishe. Wangetuambia, kwa mfano, kwamba wengi wenye mgongo wazi hudhurika na mpira wa asili, kwa hiyo glovu za kawaida na maputo ya kupamba ukumbi yanaweza kuwaletea mzio mkali. Ukumbi wetu ulijaa maputo. Kwa rehema ya Mungu halikutokea jambo.

Sasa msaidizi. Ndani ya kamati kulikuwa na maneno kwamba yule mwanafunzi "hakuwa makini". Napinga kabisa. Alitazama, aliona, alisema kwa anayepaswa kuambiwa. Alichokosa ni maelekezo. Semina yetu ya wasaidizi ilifundisha namna ya kusukuma kiti, kumlisha asiyeweza kushika kijiko, kumwongoza asiyeona kwa kiwiko. Yote yalikuwa mafunzo ya kufanya kwa niaba ya mtu. Hatukufundisha kumuuliza faragha, kumwacha ajibu mwenyewe mbele ya daktari, au kukaa naye tu kama rafiki wakati hana haja ya msaada. Binti alimsema vizuri sana msaidizi wake. Alisema pia kwamba siku tatu zile hakuwahi kuwa peke yake hata dakika tano mchana, na ndiyo maana asingeweza hata kutafuta njia yake mwenyewe ya siri.

Lakini jambo ninalotaka lisomwe kuliko yote ni la yule kijana wa magongo. Alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Alilitoa jikoni, kwa mpishi, kwa sababu jikoni ndiko mahali pekee alikokuwa na kazi: alijipeleka mwenyewe kuchambua mchele kwa vile alichoka kukaa. Kila mahali pengine alikuwa mtu wa kuhudumiwa, na anayehudumiwa haombwi maoni. Kama angekuwa kwenye orodha ya wahudumu, angehudhuria kikao cha asubuhi, na kikao cha asubuhi kingejua siku ya kwanza kile ambacho hospitali ilitufundisha siku ya tatu. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge vinahitajiwa zaidi. Tunalihubiri andiko hilo kuhimiza huruma. Mimi sasa nalisoma kama maelekezo ya kupanga kamati.

Wanaotaka sababu ya nje ya Biblia wanayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja burudani, mapumziko na michezo kuwa haki kama haki nyingine. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilifuata mwaka 2010. Na sisi wa kaskazini hatuna udhuru wa kukosa wataalamu: chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na Usa River penyewe kuna kituo cha kanisa cha kuwafundisha kazi vijana wenye ulemavu. Tulipita mbele ya geti lake tukienda kununua mkaa.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Siku mbili za mwisho binti na kijana wa magongo waliingia kwenye kikao cha wahudumu. Kijana alizunguka kiwanja chote na fundi akionyesha sehemu zinazoteleza, na majivu ya jikoni yakamwagwa pale. Binti aliomba apewe zamu ya neno la asubuhi. Alifundisha habari za Mefiboshethi, mwenye kulemaa miguu yote miwili, aliyekula mezani pa mfalme Daudi. Kisha akauliza swali lililonikalia mpaka leo: je, huko mezani kuna siku aliombwa apitishe mkate kwa mwingine?

Fomu imeandikwa upya, na rasimu wameiandika wao wawili. Swali la ugonjwa limebaki, kwa sababu lina kazi yake. Limeongezwa: "Nyumbani unajisaidiaje, na unahitaji nini ili ufanye hivyo hapa bila kutegemea mtu?" Swali hilo linajibiwa na kila kijana, mwenye ulemavu na asiye nao. Limeongezwa pia swali la dawa, mrija wa kichwani na mzio, pamoja na mstari wa mwisho: "Ungependa kuhudumu wapi kambini?"

Hatukuwatendea haki viziwi wawili waliokuwepo. Walikaa siku tano na mkalimani wa kujitolea aliyekuja kwa ibada za jioni tu, na kelele zote za kisa hiki ziliwapita bila kuelezwa. Mmoja wao aliuliza kwa maandishi, siku ya kufunga, kwa nini magunia yalikuwa chini ya ngazi. Mwaka ujao mkalimani atakuwepo kutwa nzima, na bajeti yake imetengwa kabla ya ya jukwaa.

Kuhusu choo bado tunabishana. Mzee aliyetaka binti arudishwe amejitolea mifuko ya saruji ya kujenga choo maalumu pembeni ya ukumbi. Binti ameshukuru, na amekataa kibandiko cha "maalumu". Anataka vyoo vya wasichana wote vihamie juu, mlango wa sentimita 90 kwa kila kimoja, na mteremko wa kuingilia wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Hoja yake ni wale wasichana watatu waliomwomba ufunguo. Gharama ni kubwa zaidi, na mhasibu hajafurahi. Fundi amepewa vipimo vyote viwili, na kikao cha kuchagua kitakaa, mzee na binti wote wawili wakiwa wajumbe wenye kura.